Nyuki wa Kirumba

Redio yetu haina mnara.
Ina chumba kimoja Kirumba, juu ya bucha,
magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani yanywe mwangwi,
na kompyuta iliyonunuliwa kwa michango
ya harusi iliyovunjika.

Wasikilizaji, kwa hesabu ya jana, thelathini na wanne.
Mmoja yuko Ukara. Mmoja anakwangua theluji kwa trekta huko Norwei,
na huyo ndiye aliyeandika:
"Mbona kila taarifa ya habari ina nyuki ndani?"

Tukawatafuta nyuki.
Tukabadili waya, tukabadili kipaza sauti,
Nyanjige akasoma bei ya dagaa amejifunika blanketi,
jasho likadondokea tarakimu.
Nyuki wakabaki.
Hadi usiku mmoja friji ya bucha ilipozima, nao wakazima;
ilipowaka, wakarudi mzingani.

"Ni kadi," alisema Masalu, fundi wetu wa mkopo,
"hiyo iliyozaliwa na madabodi.
Inachota umeme kisima kimoja na kila mtu.
Tafuteni yenye kisima chake."

Nikashuka Makoroboi na laki moja na themanini
ndani ya soksi.

Ya kwanza ilikuwa kijiti, kama kucha ya gumba,
elfu kumi na tano, na muuzaji akaapa kwa mama yake.
Ya pili kisanduku chekundu, vifundo viwili, taa ya kijani,
laki nne na nusu;
niliigusa tu, kama unavyomgusa mtoto wa tajiri.
Ya tatu ilikuwa nyeusi, mtumba,
imetoka studio ya kwaya iliyofungwa huko Nyegezi,
skrubu moja pungufu,
na juu yake mtu ameandika kwa wino: USIGUSE. JUMAPILI.

Wengine hujaribu kwa muziki.
Mimi nilimwomba muuzaji anipeleke stoo,
afunge mlango, anyamaze.
Nikarekodi kimya.

Kijiti kilinipa mvua,
mvua ndogo isiyonyesha popote,
kama mchele unaopepetwa chumba cha pili.
Ile nyeusi ilinipa stoo:
upana wake, panya mmoja,
na muuzaji akimeza mate
akingoja nitaje bei.

Nikataja laki na sitini.
Tukaishia laki na sabini na tano, waya juu yake.

Usiku ule Nyanjige alisoma bila blanketi.
Mara elfu arobaini na nne na mia moja kila sekunde
kadi ilimtazama, ikaandika ilichokiona:
sangara, gesi ya kupikia, dagaa,
na kati ya gesi na dagaa
filimbi nyembamba, kifuani mwake.

Miaka miwili tumekaa meza moja.
Nyuki walikuwa wamenificha.

"Tangu lini?" nikamwandikia kwenye karatasi.
Akaikunja bila kuijibu, akaendelea na hali ya hewa:
mvua Bukoba, mvua Musoma,
mawimbi ya wastani.

Wa Norwei akaandika: "Sasa naisikia Mwanza."
Wa Ukara akaandika saa sita usiku,
kwa bando linaloishia:
"Ule mvumo mmeupeleka wapi?
Mimi ndio nilikuwa nalalia.
Ulipokatika nilidhani mmefunga."

Leo Nyanjige yuko kwenye foleni, Bugando.
Ile elfu tano iliyobaki imempandisha bodaboda.
Zamu ni yangu. Nasoma vibaya, naruka majina ya visiwa,
nasikia meno yangu mwenyewe.

Ikifika saa sita
nateremsha kipaza sauti kwa waya wake
hadi dirisha la bucha.
Dakika tano, kwa mtu mmoja Ukara.
Kadi inaichukua friji yote,
pamoja na kisu
kinachonolewa.